Bamba moja: shajara ya mwaka wa pili wa uzamili wa sanaa

Wiki ya 1

Pendekezo la mradi limepita, ila limepita likichechemea. Niliandika kwamba nitatengeneza mabamba 20 ya shaba nyekundu ya kuchapia picha, kila bamba kifaa kimoja cha nyumbani kwetu, nikichora kwa kumbukumbu tu: hakuna picha, hakuna kifaa mbele yangu. Jopo la watu watatu liliuliza swali moja tu la maana: "Kwa nini 20?" Nikajibu kwamba ukuta wa maonesho ni mrefu. Kile kicheko nakisikia mpaka sasa.

Kwa asiyeijua njia hii: uzamili wa sanaa za studio hauna chumba cha mtihani. Kwa miaka miwili, kwingine mitatu, unafanya kazi na unaitetea mbele ya watu, tena na tena. Mwishoni kuna maonesho, andiko la tasnifu na siku ya utetezi. Kule Marekani hii ndiyo shahada iliyozoeleka kuhesabiwa kuwa ya mwisho kwa msanii anayetaka kufundisha chuoni, ingawa sasa kuna vyuo vinavyotoa hata uzamivu kwa kazi za studio. Mwaka wa kwanza mimi niliumaliza kwa kuonjaonja: udongo, video, rangi za mafuta, uchapaji. Sijutii, lakini nimeingia wa pili nikiwa sina kitu kimoja ninachoweza kukiita changu.

Shajara hii si wazo langu. Msimamizi kaamuru. Anasema tasnifu ya msanii asiyeweka shajara huwa ni uongo mzuri, umetungwa baada ya kazi kuisha.

Wiki ya 2

Bamba la kwanza: sentimita 30 kwa 40, unene milimita 1.2. Asubuhi nzima imekwenda kwenye tupa, nikizilaza kingo zote nne. Ukingo mkali ukipita chini ya rola hukata karatasi, na baya zaidi hukata blanketi za sufu za mashine, na fundi wa karakana yetu hasamehe blanketi iliyokatwa. Kisha chaki na amonia kuondoa mafuta, mpaka maji yakatandaa juu ya shaba bila kujikusanya matone. Kisha nta, ile ya mchanganyiko wa nta ya nyuki, lami na ulimbo, juu ya bamba lililopashwa moto, ikasambazwa kwa rola mpaka ikawa utando mwembamba wa kahawia.

Kifaa cha kwanza ni cherehani ya Mama. Ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wake ulipokuwa ukipita. Iliuzwa nikiwa na miaka 9. Nimeikalia saa nne na sindano mkononi, nikiikwaruza nta ili asidi baadaye iile shaba pale palipo wazi tu: shingo, gurudumu, kijiti cha kurekebishia mshono, meza, kikanyagio. Nimeshangaa ninavyoikumbuka vizuri. Ningepaswa kutilia shaka hapo hapo.

Wiki ya 3

Karakana yetu haitumii tena asidi ya nitriki kwa shaba, kwa sababu ya ule moshi wake wa kahawia. Tunatumia kloridi ya feri, nayo tunaiita asidi kwa mazoea, ambayo haifuki namna ile lakini hudoa kila inachogusa, na ni nyeusi kiasi kwamba ukizamisha bamba hulioni tena. Tena ina tabia ya kuacha mashapo ndani ya mistari inapokula, na mashapo yakijaa mstari hauendi chini. Ndiyo maana bamba huwekwa wima au kifudifudi, yadondoke yenyewe. Nililiweka wima dakika 40.

Kuchapa: wino mzito unasukumiwa ndani ya mistari, halafu unaufuta juu kwa chachi ngumu, kwa mizunguko midogo, na mwisho kwa kiganja chenye vumbi la chaki. Karatasi ya pamba imelowekwa, imekaushwa maji ya juu, bado ina unyevu. Rola linaibana karatasi hadi ndani ya mistari inywe wino. Unafunua kwa ncha za vidole viwili.

Gurudumu liko kushoto.

Gurudumu la cherehani huwa mkono wa kulia wa mshonaji. Mwaka mzima nimewacheka wa mwaka wa kwanza wanaosahau kwamba chapa hugeuza kila kitu kama kioo, wanaotia sahihi kwenye bamba ikatoka kinyume. Leo sikucheka.

Wiki ya 4

Nilikuwa tayari kulitupa, lakini shaba si kitu cha kutupa hivi hivi. Kabla sijaamua nikaipiga picha ile chapa nikamtumia Mama, bila maelezo. Akapiga simu baada ya dakika tano.

"Hii umeichora umekaa wapi?"

Nikamwambia, Mama, ni kosa la uchapaji, imegeuka.

"Haijageuka. Mimi ndiye gurudumu lilikuwa kuliani kwangu. Wewe hukuwahi kukaa upande wangu. Ulikuwa unasimama ng'ambo ya meza unapokea kitambaa kinavyotoka. Kwako wewe gurudumu lilikuwa kushoto."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekagua mshono: "Ila hicho kijiti cha kurekebishia mshono kinafanya nini hapo? Hicho kiko upande wangu. Ungekionaje?"

Nimelala na swali hilo. Sasa nina mashine isiyowezekana: gurudumu liko pale mtoto anapoliona, kijiti kiko pale mama anapokiona. Nilidhani nakumbuka cherehani, kumbe nimechora picha ya cherehani, ile ya kwenye matangazo na vitabu, ambayo siku zote hutazamwa kutoka kwenye kiti. Kosa la mkono limenisimamisha mahali nilipokuwa kweli.

Wiki ya 5

Silitupi. Nafuta kijiti.

Kufuta kwenye shaba si kama kwenye karatasi. Unashika kikwangulio chenye pembe tatu, unakilaza, unanyoa chuma mpaka ufike chini kabisa ya mstari, halafu unalainisha kwa chuma laini kilichopakwa mafuta, halafu makaa na maji. Kijiti chenye urefu wa sentimita mbili kimenichukua siku mbili na ngozi ya kidole. Kikaondoka. Nikachapa hatua ya 2, yaani chapa ya bamba lile lile baada ya kulibadili. Kimerudi: hafifu, rangi ya kijivu cha moshi, na kuzunguka kwake doa jeusi, kwa kuwa nimechimba bonde na wino unakaa bondeni.

Fundi alinionesha dawa. Unapima mahali pa bonde kwa koleo la kupimia lenye mikono iliyopinda, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, unaweka alama mgongoni mwa bamba, unalilaza kifudifudi juu ya fuawe, unagonga kwa nyundo ya mviringo. Bonde linainuka. "Gonga kidogo," akasema, "ukizidisha utapata kilima, na kilima hakishiki wino." Nikazidisha.

Wiki ya 6

Jumatano maktaba. Nilikuwa nikitafuta nani mwingine aliyelisumbua bamba namna hii, na msimamizi akanielekeza kwa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Mwaka 1655 alichora Kristo akioneshwa kwa umati, kwa sindano moja kwa moja kwenye shaba, bila asidi. Chapa za mwanzo zina watu wamejaa mbele ya jukwaa. Baadaye aliukwangua umati wote. Mahali pao akaweka matao mawili meusi, na wewe mtazamaji ukabaki umesimama walipokuwa wao. Nimeiangalia ile sehemu kwa kioo cha kukuza, picha ya kitabuni kwa kadiri inavyoruhusu.

Mstari wa namna hiyo, wa sindano kavu, una ukingo wa chuma kilichoinuka pembeni, kama udongo wa jembe, na huo ukingo ndio unaobeba weusi laini kama mahameli. Hulika haraka mno chini ya rola. Nimeanza kuuchanganya na mistari ya asidi: kinachopaswa kudumu nakitia asidi, kinachopaswa kuchoka nakichora kwa sindano kavu.

Wiki ya 8

Kikao cha uhakiki. Utaratibu wetu ni kwamba mwenye kazi hasemi kitu dakika 10 za kwanza. Hatua 5 ukutani, nami nimekaa kwenye kiti nikitazama viatu vyangu.

Wa kwanza kusema alisema: "Hii si Kentridge?" Nilijua itakuja. William Kentridge, wa Johannesburg, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 anachora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta kidogo na kuchora tena juu ya karatasi ile ile, na kivuli cha kilichofutwa kinabaki kwenye filamu zake. Mwingine akamtaja Picasso na fahali wake, hatua 11 kwa litografia, yaani uchapaji wa kutoka kwenye jiwe, Desemba 1945 hadi Januari 1946, kutoka fahali mwenye nyama hadi fahali wa mistari michache.

Dakika 10 zikaisha nikaruhusiwa kujibu, nikajibu vibaya. Nikasema "lakini mimi natumia shaba." Kana kwamba tofauti iko kwenye malighafi.

Jibu limenijia usiku, kama kawaida ya majibu. Picasso anaondoa mpaka abaki na kiini. Kentridge anafuta ili kitu kisogee, muda upite. Mimi nafuta nisichoweza kuwa nilikiona. Sijui kama ni tofauti kubwa kiasi cha kutosha shahada, lakini ndiyo niliyo nayo, na angalau naweza kuisema kwa sentensi moja.

Mwenzangu mmoja hakuzungumza chochote wakati wote, ila alipokuwa akitoka alisimama mbele ya hatua ya 4, akapiga hatua moja kushoto. Nimeliandika hilo kwa sababu lilinipa moyo kuliko maneno yote ya siku hiyo.

Wiki ya 9

Hakuna kazi. Mafua, na kufundisha vikundi viwili vya mwaka wa kwanza kama msaidizi. Nimesahihisha michoro 46 ya chupa.

Wiki ya 11

Balaa. Nilipaka nta mpya ili kuongeza meza, nikatia asidi, nikatoa. Pale kwenye uwazi wa meza, ambapo sikuchora kitu, kuna alama ya gumba. Langu. Nilikuwa nimeligusa bamba baada ya kulisafisha, mafuta ya kidole yakazuia nta isishike, kloridi ikapenya kupitia kila mchirizi wa ngozi. Alama nzima, mizunguko yake yote, imechimbwa safi kuliko mistari niliyoikusudia.

Fundi ameitazama kwa muda mrefu. "Polisi watakushukuru," akasema, akaondoka.

Nilianza kuikwangua. Nikaacha nikiwa nimekwangua robo. Sina hoja nzuri ya kuiacha. Iko pale ambapo kitambaa kingetokea, pale mkono wa mtoto ungekuwa, na kuafikiana kwa namna hii kunanitia wasiwasi, kunanukia ujanja. Lakini kuiondoa kwa sababu tu imekaa vizuri mno nako ni ujanja. Ibaki. Nitaona.

Wiki ya 14

Nimeliandikia jopo barua: si mabamba 20 tena, ni bamba moja. Hatua nyingi kadiri shaba itakavyostahimili. Niliogopa hii barua wiki nzima. Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani, alihangaika na picha ya kumbukumbu ya Karl Liebknecht, mwanasiasa wa kijamaa aliyeuawa, akaijaribu kwa asidi, akaijaribu kwa litografia, haikukubali, mpaka alipoona chapa za mbao za msanii mwenzake Ernst Barlach mwaka 1920 ndipo akaihamishia kwenye mbao. Yeye alibadili njia yote, mimi nabadili hesabu tu, kwa nini nitetemeke?

Jibu limekuja siku ya pili, mstari mmoja: "Tulikuwa tunasubiri." Sijaamua kama nifurahi au nikasirike. Wangeweza kusema mapema.

Wiki ya 17

Hatua ya 13. Giza. Nimeongeza akwatinti: vumbi la ulimbo linatua juu ya bamba, unalipasha moto liyeyuke liwe chembechembe zilizoshika, asidi inakula katikati ya chembe, unapata eneo zima la kijivu au jeusi badala ya mstari. Barakoa muda wote, na hakuna moto karibu na sanduku la vumbi, kwa sababu vumbi hilo likiwa hewani linaweza kulipuka. Nilichotaka ni giza la chini ya meza, kikanyagio kisionekane ila kwa ukingo wake. Mtoto hakuwa akikitazama kikanyagio. Alikuwa anakisikia.

Jioni taarifa ya msanii. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "nachunguza", "nahoji" na "mwingiliano" katika aya moja. Msimamizi ameyapigia mstari yote matatu, pembeni ameandika: "Wewe unakwangua. Andika hivyo." Rasimu ya pili inaanza: *Nimeifuta cherehani hii mara kumi na tatu.* Ni fupi mno kwa matakwa ya idara, maneno 180 pungufu. Nitaongeza kwa kueleza vipimo.

Wiki ya 20

Hatua ya 19, na hii ndiyo.

Mpaka hapa nilikuwa naondoa tu: kijiti, maua ya upande wa mbele, kiti, nafasi nyuma ya kiti. Upande wa ng'ambo ni mtupu, na utupu huo ulikuwa unaniuma bila kujua kwa nini. Juzi nikasimama mbele ya meza yangu, nikanyoosha mikono kama mtu anayepokea kitu. Kitambaa! Kitambaa kilichoshonwa hakimwendei mshonaji, kinamkimbia, kinatoka nyuma ya sindano kumwelekea aliye ng'ambo. Miezi mitano nachora cherehani ambayo haishoni.

Nimekichora kwa sindano kavu, kikishuka kwenye ukingo wa meza kuja mbele, kikipita juu ya alama ya gumba na juu ya kivuli cha kijiti ambacho hakijawahi kukubali kufa. Saa moja na nusu, bila kuinua kichwa. Chapa ya kwanza ilikuwa na weusi mzito kupita kiasi. Ya pili ikatulia. Kufikia ya tatu ule ukingo wa mistari ulikuwa umeanza kulala, na kitambaa kikawa chepesi, karibu kionekane kupitia. Nimechukua ya tatu.

Kuna njia ya kupaka shaba utando mwembamba wa chuma kwa umeme ili mistari idumu na nakala ziwe nyingi. Nimekataa. Nataka kichoke.

Wiki ya 23

Kutundika. Hatua 27, nakala moja ukutani na moja kwenye jalada la kumbukumbu, jumla karatasi 54 zilizotoka kwenye bamba ambalo sasa lina alama za nyundo mgongoni kama ngozi ya mamba. Bila fremu: kioo kingeua ule mbonyeo wa ukingo wa bamba kwenye karatasi, na nataka watu wauone. Sumaku ndogo nne kwa kila karatasi, msumari nyuma. Katikati ya picha sentimita 150 kutoka sakafuni, kipimo cha kawaida. Halafu nikazishusha zote.

Sentimita 150 ni jicho la mtu mzima aliyesimama. Nimezitundika sentimita 105. Mwenzangu wa chumba cha pili ameniuliza kama futi yangu imekatika.

Wiki ya 24

Utetezi, saa moja na dakika 20. Wajumbe wawili waliinama tangu mwanzo hadi mwisho wa ukuta, wa tatu akavuta kiti akawa anasogea nacho. Mmoja alisifu alama ya gumba kwa dakika nzima, namna ilivyowekwa kwa umakini, namna inavyoshikilia utunzi wote. Nilifungua mdomo nimweleze. Nikaufunga. Halafu dhamiri ikanisuta nikamweleza, na akasema, "Basi uliiacha kwa umakini," tukaendelea.

Swali gumu lilitoka kwa mchongaji wa jopo: iko wapi hatua ya mwisho? Nikasema ya 27. Akauliza kwa nini ya 27 na si ya 26. Nikasema kwa sababu tarehe ya kutundika ilifika. Wamelikubali jibu hilo kuliko lolote nililoliandaa.

Nimepita, na marekebisho madogo kwenye sura ya pili. Sharti moja la kawaida: kabla ya kurudisha bamba kwenye kabati la karakana au kuondoka nalo, lipigwe mkwaruzo kutoka kona hadi kona, kuthibitisha kwamba hakuna nakala nyingine zitakazochapwa. Ijumaa.

Wiki ya 25

Alhamisi Mama alikuja. Alikuwa hajaona hata moja zaidi ya ile picha ya simu. Alianza mwisho, hatua ya 27, akarudi nyuma taratibu kuelekea ya 1, kinyume na watu wote. Kwenye ya 19 aliweka mkoba chini. Akagusa hewa mbele ya kitambaa, kama anakipima urefu. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Alipofika ya 3 akarudi tena mpaka ya 27, mbio mbio sasa, akachutama.

"Mkanda," akasema.

Mkanda upi?

"Wa ngozi. Unaotoka kwenye gurudumu kwenda chini. Umeulegeza. Zote umeulegeza. Ukiwa hivi unateleza, mashine haiendi. Mimi niliukata na kuuunga upya kila ulipolegea, wewe ndiye ulikuwa unanishikia ncha."

Nikaangalia. Hatua 27, na katika zote mkanda unashuka kwa mpinde mzuri, mlegevu.

Leo ni Ijumaa. Fundi amepita mara mbili kuuliza kama bamba limeshapigwa mkwaruzo. Nimelisafisha kwa chaki na amonia, safari hii nimevaa glovu. Nta imeshapashwa moto.